Pua ya Lalla Yamna na chumvi ya Haji Mfeddal

Lalla Yamna hajawahi kuvuta bangi hata pumzi moja. Moshi wake ukimpitia tu hupiga chafya saba mfululizo. Nimezihesabu, ni saba kila mara. Lakini katika kijiji chetu huku milimani, juu ya Ketama, hakuna gunia linalopanda lori la ushirika kabla yeye hajaliingiza pua.

Kazi hiyo aliipata mwaka ule tulipopewa vibali vya kukiuzia kiwanda cha dawa bangi yetu. Kiwanda kilitaka ushirika uwe na mkaguzi mmoja. Wanaume walibishana Ijumaa mbili, kila mmoja akijipendekeza mwenyewe, mpaka baba yangu akasema kwamba kuna mtu ambaye ameyatukana mavuno ya kila nyumba kwa miaka thelathini bila malipo, na hakuna siku aliyokosea. Wakakubali. Kila mmoja alikuwa anakumbuka tusi lake.

Namna anavyokagua, mimi naweza kuitazama siku nzima. Kwanza hakubali kutazama maua ya bangi mlangoni, kwenye kivuli. Anayapeleka dirishani penye jua, kwa sababu anasema kivuli hufanya kila kitu kiwe kijani, hata wagonjwa. Halafu anavunja kikonyo karibu na sikio. Kikilia *tak* kama tambi kavu, anaitikia kwa kichwa kwamba sawa. Kikipinda bila kulia, anakirudisha alikokitoa na kumtazama mwenye nyumba kama vile ndiye aliyepinda. Kisha ananusa mara tatu: ua likiwa zima, likishafunguliwa, na likishasagwa kati ya vidole viwili. Vidole vikinatana vizuri, anavitenganisha taratibu na kutabasamu kidogo. Mwisho anazamisha mkono hadi chini ya gunia, mpaka bega, kwa sababu kwetu maua mazuri yana tabia ya kukaa juu.

Sasa tatizo ni chumvi. Kwetu mtu aliyekula chumvi yako hawezi kukuaibisha. Ukishaumega mkate wa nyumba, umefunga mdomo wako juu ya siri za nyumba hiyo. Kwa hiyo Lalla Yamna hali wala hanywi kitu kwa mtu kabla hajakagua magunia yake. Lakini kwetu vilevile, mgeni anayekataa chai ni sawa na aliyetemea zulia mate. Ili asimkosee mtu, wiki nzima ya ukaguzi anasema amefunga, analipa siku zake za Ramadhani.

Mama yangu alimwuliza mwaka jana, akiwa ameshika buli.

"Lalla, una miaka sitini na mbili. Siku gani hizo unazolipa?"

"Za ujana."

"Ujana wako ulikuwa na Ramadhani ngapi?"

"Ulikuwa mrefu," akasema Lalla Yamna, akaendelea kunusa.

Na watu walimjaribu, usidhani hawakumjaribu. Sisi wenyewe tuliweka sufuria ya bisara dirishani, ule uji mzito wa maharage makavu, na mama akanyunyizia bizari kwa wingi kiasi kwamba paka alilia. Jirani yetu Rkia alikaanga unga wa dengu mlango ukiwa wazi, upepo ukavuma, na unga ukamtua Lalla Yamna mdomoni. Rkia akadai kwamba huko ni kula. Wakaenda kumwuliza Fakihi Allal wa msikitini. Fakihi akafikiri sana, akasema hawezi kutoa hukumu, kwa kuwa asubuhi alikuwa amekula kwa Rkia. Na kwa Lalla Yamna alikula Jumatatu. Kwa kweli amekula katika nyumba zote za kijiji, na tangu aje kwetu hana maoni juu ya mtu yeyote.

Haya yote yalikuwa mchezo tu mpaka ilipofika zamu ya Haji Mfeddal.

Haji Mfeddal alikuwa na magunia kumi na manne, na kila mtu alijua yamekaa wapi. Mvua ya mwisho wa Agosti ilipokuja, wengine tulipandisha mavuno kwenye mapaa na kuyageuza kila jua lilipotoka. Yeye alisema goti linamuuma, akayarundika ghala la chini, jirani na mbuzi, akayafunika nailoni. Binti yake, Ihsani, alimwambia, "Baba, yatavunda." Akamjibu kwamba alianza kulima kabla yeye hajazaliwa. Ihsani akajibebea aliyoweza hadi juu ya paa. Mengine yalibaki.

Na gunia moja lenye kuvu likionekana kiwandani, lori zima linarudishwa, la kijiji kizima. Yaliwapata watu wa bondeni mwaka juzi. Mpaka leo wakisikia lori wanageuza uso.

Ila Haji Mfeddal alikuwa na kitu ambacho wengine hatukuwa nacho. Jawad, mtoto wa pekee wa Lalla Yamna, fundi wa pampu za maji, alikuwa anamposa Ihsani kwa mwaka wa nne. Mwaka wa kwanza Haji alimkataa kwa kuwa hana kazi. Wa pili, kwa kuwa kazi inamchosha. Wa tatu alisema mabega yake hayalingani. Na sasa, Jumanne ya wiki ya ukaguzi, akatuma ujumbe: njooni Alhamisi saa nne asubuhi, wewe na mama yako, tusome Fatiha ya kufunga posa, tule pamoja. Alhamisi ndiyo ilikuwa zamu ya kukagua magunia yake, na lori lilikuwa linakuja saa nane.

Paa letu na la Lalla Yamna yanagusana, kwa hiyo nilisikia.

"Mama, tende moja tu," Jawad alikuwa akisema. "Nani anashiba kwa tende moja?"

"Tende moja ina kokwa moja, na kokwa hiyo itanikwama kooni mbele ya lori."

"Kwa hiyo hunitakii mke."

"Nakutakia. Nilimtaka huyo binti kabla yako. Nilimwona akigeuza maua juani akiwa na miaka kumi na miwili, nikasema huyu ana akili. Wewe wakati huo ulikuwa unaanguka na baiskeli iliyosimama."

"Akikasirika Haji, safari hii basi tena. Mwenyewe kaapa."

Nilimwona Lalla Yamna amekaa na ungo magotini, anachambua dengu, na alichambua zilezile mara mbili.

Alhamisi tulikwenda majirani wote, tumebeba masinia ya sukari, hina na mishumaa. Mlangoni walisimama shangazi zake Ihsani na bakuli la maziwa na sahani ya tende, kama desturi. Lalla Yamna aliingia midomo ameibana, akatoa salamu kwa kupitia puani, kwa hofu kwamba akifungua mdomo mtu atamrushia tende.

"Karibu, Lalla. Kata kiu."

"Nafunga."

"Siku ya posa ya mwanao?"

"Deni la Mungu haliulizi posa."

Tukakaa. Ikaletwa mikate ya moto, mafuta ya zeituni, asali, kibakuli cha chumvi na jira, na kuku na zeituni zake, wale kuku wanaofika mezani bado wananong'ona. Kila sinia liliwekwa mbele ya Lalla Yamna, hata yale ambayo watu wengine walikuwa wameanza kula. Shangazi mkubwa alisimama nyuma yake na kijiko cha asali, anasubiri apige miayo. Ihsani alikuwa amekaa pembeni na nguo yake ya kijani, macho yako kwa Jawad, na Jawad macho yako kwenye mdomo wa mama yake.

Fakihi Allal akakohoa, akainua mikono kuanza Fatiha. Hapo tumbo la Lalla Yamna likanguruma. Mimi sijui kama nitasikia tena sauti ile katika maisha yangu. Fakihi alishusha mikono na kusema kwa upole, "Mtoeni huyo mbuzi kwanza." Watu wawili wakainuka, wakaenda kumtafuta.

Lalla Yamna naye akainuka.

"Kabla ya Fatiha, Haji, nataka kuona magunia."

"Baada ya chakula."

"Kabla."

"Mkwe mwema huanza na mkate."

"Na mkaguzi mwema huanza na gunia."

"Leo umekuja hapa kama nani, Yamna?"

"Nimekuja na miguu miwili, mmoja wa mkwe, mmoja wa mkaguzi. Ule wa mkaguzi ndio uliotangulia kuvuka kizingiti."

Akashuka ghalani. Sote tukamfuata, na masinia ya chakula mikononi, kwa kuwa hakuna aliyetuambia tuyaache. Shangazi akafuata na kijiko chake. Wale wawili tuliwakuta hukohuko chini, wanawahesabu mbuzi, wanashangaa wote wapo.

Gunia la kwanza lilipofunguliwa, juu palikuwa pazuri kabisa, maua makavu ya kijani iliyotulia. Haji akatabasamu. Lalla Yamna akazamisha mkono hadi bega, akatoa ngumi moja ya maua, akaenda nayo dirishani. Akavunja kikonyo karibu na sikio. Hakikulia. Kilipinda kama tambi iliyoiva. Akanusa mara moja tu, hakuhitaji mbili.

"Haji, hii inanuka soksi za mlinzi."

"Ni harufu ya udongo wangu. Na tazama weupe ule. Utomvu huo. Wengine wanalia hawaupati."

Lalla Yamna akatoa kioo chake cha kukuzia, kile alichorithi kwa mume wake aliyekuwa fundi saa, akakiweka jichoni.

"Utomvu hung'aa kama chembe za sukari," akasema. "Huu haung'ai. Huu una manyoya."

"Manyoya ni ya mbuzi."

"Mbuzi wako wote ni weusi."

Haji akawatazama mbuzi wake kana kwamba wamemsaliti. Lalla Yamna alipita gunia kwa gunia. Matano aliyafunga uzi wa kijani wa kukubaliwa, na yalikuwa yale ambayo Ihsani aliyapandisha juu ya paa kwa mgongo wake. Tisa aliyafunga uzi mweusi wa kukataliwa. Alipofunga la mwisho hakumtazama Jawad.

Haji Mfeddal alikuwa amekuwa mwekundu kuanzia shingoni. Akainua kidole.

"Mtu anayekuja kunifungia uzi mweusi ndani ya nyumba yangu, mbele ya wageni wangu, basi mimi binti yangu..."

Hakumaliza. Lalla Yamna alinyoosha mkono kwenye sinia alilobeba mama yangu, akachana mkate nusu nzima, akauchovya kwenye mafuta, akaugonga kwenye kibakuli cha chumvi pande zote mbili, akautia wote mdomoni. Mashavu yakamjaa. Akaanza kutafuna, macho yake yakiwa kwa Haji.

"Umefanya nini?" Haji akauliza.

Tulisubiri ameze kiasi cha kuweza kusema.

"Nimekula chumvi yako."

"Lakini umeshayakataa magunia."

"Niliyakataa nikiwa mtu baki. Sasa ni mtu wa nyumba. Aliyekula chumvi yako hakuaibishi, na wewe uliyemlisha humfukuzi. Chumvi inafunga pande mbili, Haji. Au ya kwako ina upande mmoja?"

Haji akamgeukia Fakihi Allal. Fakihi alikuwa na paja la kuku.

"Mimi nimekula kwako, siwezi kusema dhidi yako," akasema. "Wala dhidi yake, maana ni sinia lilelile."

Haji akafikiri. Unaweza kumwona mtu akifikiri, masikio yake yanasogea. Halafu akapata.

"Wewe si ulisema unafunga?"

"Nilikuwa nafunga."

"Umefungua saa sita mchana?"

"Nitalipa," akasema Lalla Yamna. "Naongeza siku moja kwenye deni."

Ihsani ndiye aliyecheka kwanza. Alijizuia kwa ushungi, ukamshinda, akakaa juu ya gunia la uzi mweusi huku machozi yanamtoka. Lalla Yamna alitaka kusema neno lingine, akapaliwa, akaanza kukohoa kikohozi kibaya. Haji Mfeddal alisimama hivyo hivyo na kidole chake hewani, hajui akipeleke wapi. Mwisho akakitumia kuonyesha ndoo.

"Mpeni maji huyo. Tafuna polepole, mwanamke, utanifia ghalani watu waseme nimekuua."

Maji aliyaleta yeye mwenyewe. Fatiha ikasomwa pale pale, kati ya magunia na mbuzi, na safari hii tumbo lilikaa kimya. Lori lilipokuja lilichukua matano ya kijani. Yale tisa Haji aliyafukia shambani, na kwa wiki mbili mbwa wake hakupita upande ule. Lalla Yamna alikula mpaka alasiri. Shangazi hatimaye alifanikiwa na kijiko chake, tena mara sita.

Mwaka huu lakini ikaja shida mpya. Lalla Yamna amekula chumvi ya Haji, tena hula kila Ijumaa. Ni nani basi atakayekagua magunia yake? Ihsani sasa anaishi kwa mama mkwe wake, na pua anayo, kwa hiyo akasema atakagua yeye. Wazee wakapinga: binti aliyelelewa kwa chumvi ya nyumba ile miaka ishirini na tatu atawezaje kuifungia uzi mweusi?

"Chumvi ya nyumba ile nilikuwa nainunua mimi sokoni," akasema Ihsani. "Baba ndiye aliyekula yangu."

Wakaenda kwa Fakihi Allal. Alikuwa anakula.