Nilimkana binti yangu uwanjani, mbele ya wenzake

Kosa tunalofanya wazazi wengi ni kudhani kwamba kumkemea mtoto wako mbele za watu, kabla hujamsikia, ndiyo haki. Mimi nimelifanya nikiwa na miaka sitini na saba, mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa, kwa hiyo siwezi kusingizia ujana wala kutokusoma. Mwenye ukurasa, nakuomba unistiri jina. Huku kwetu milimani Upareni watu wanatambuana hata kwa kikohozi.

Tunaishi Chome. Binti yangu wa mwisho, nitakayemwita Nakijwa ingawa silo jina lake, anasoma chuo kule chini Same, na anachezea timu ya mpira wa miguu ya wasichana wa chuo hicho. Sikuwahi kumwona akicheza. Kusema kweli sikuwahi kwenda kutazama mechi ya chuo chochote. Mpira kwangu ulikuwa wa redioni. Alinialika mara nyingi, nami sikukosa sababu: maharage hayajavunwa, kuna kikao cha kanisa, barabara imeharibika. Mwaka huu mama yake akachoka na visingizio vyangu, nikashuka.

Niliingia uwanjani na sweta la asubuhi ya Chome katika joto la Same. Vijana wa chuo wakanipokea: "Babu, hiyo baridi umekuja nayo?" Nikacheka nao. Nikapata kivuli upande wa wazazi waliosindikiza timu ya wageni kutoka Mwanga, watu wacheshi, tukazungumza vizuri. Nakijwa aliponiona alinipungia mkono, na alikimbia siku ile kama mtu aliyepewa miguu mipya.

Kipindi cha pili aliufukuzia mpira hadi karibu na goli, kipa akamtokea, binti yangu akaanguka. Refa akapuliza filimbi: penalti. Wale wazazi wakalalamika kwamba amejiangusha. Mmoja akanigeukia, "Mzee, huyu si wako? Basi sema ukweli."

Hapa nieleze kidogo kwa asiyejua kwetu. Milimani mashamba yamepakana, na maji ya mfereji tunapokezana kwa zamu. Jirani uliyegombana naye leo, kesho unamngoja akufungulie maji. Kwa hiyo watoto wakipigana, mzazi mwenye busara humkemea wake kwanza, aliyekosa na asiyekosa, ili ujirani usivunjike. Nimesifiwa miaka mingi kwa kufanya hivyo. Sikuwahi kujiuliza watoto wangu walikuwa wakijisikiaje.

Basi nikainuka na fimbo yangu, nikaingia katikati ya uwanja, nikamwambia refa kwa sauti ile ya darasani, "Mimi ndiye baba yake. Hakuguswa. Huyu tangu mdogo ana tabia ya kujiangusha." Upande wa wageni ulilipuka kwa vicheko na makofi. Refa, kijana mwenye adabu, aliniamkia kwanza, kisha akaniomba nitoke. Nikamwitikia marahaba na bado nikaendelea kumweleza.

Nakijwa alikuwa amekaa chini, ameshika mguu. Alinitazama, akasema taratibu, "Baba, hata hujaniuliza kama nimeumia."

Alikuwa ameumia. Hospitali walikuta mfupa wa kifundo cha mguu umepasuka, akafungwa hogo la plasta. Na aibu yangu kubwa zaidi, ambayo hata mama yake sijamwambia, ni hii: sikuona. Nilikuwa mbali, jua lilinipiga machoni, na kipa alikuwa amenizibia. Nilisema nilichozoea kusema, ili watu nisiowajua waniite mwadilifu.

Aliporudi chuoni na magongo, jina lilikuwa limemtangulia. Wanamwita "Hakuguswa". Shangazi yake, dada yangu, ndiye aliyenieleza kwamba mwanzoni alikuwa akicheka nao, halafu akaacha kucheka. Likizo hakupanda Chome; alikwenda kwa huyo shangazi. Nikimpigia simu ananiamkia vizuri, anajibu ninachouliza, anaaga. Hakuna tusi ambalo ningeweza kulishika nikamlaumu nalo.

Sasa mguu umepona na Jumamosi anacheza tena. Nilimwomba dada yangu atupatanishe kimyakimya nyumbani kwake, kama ilivyo desturi yetu. Akakataa. Alisema, "Kaka, tope ulimpaka uwanjani. Ukamfutie sebuleni kwangu, nani atakayeona?" Anataka nisimame mbele ya timu, wanafunzi wakisikia, niseme kwamba nilimsingizia mwanangu. Huku kwetu sijapata kuona baba akifanya hivyo kwa mtoto. Lakini si hilo linaloninyima usingizi. Nakijwa mwenyewe amemtuma shangazi yake: "Mwambie baba asije uwanjani." Nikienda, nitakuwa nimepuuza neno lake kwa mara ya pili. Nisipokwenda, atabaki na jina nililompa mimi.

Wazazi wenzangu, na ninyi vijana mliowahi kuaibishwa na wazazi wenu, nielekezeni: niende Jumamosi, au niheshimu neno lake nikae nyumbani? Majibu makali nitayapokea, nimeyastahili.

Nawe mzazi unayesoma haya, usingoje yakukute. Leo hii mpigie mwanao, muulize anaendeleaje, kisha unyamaze mpaka amalize kusema.