Nilifuta utani wa marehemu, lawama akabeba kaka Issa

Admin, jina langu baki nalo wewe. Ni binti wa miaka ishirini na saba, sijaolewa, nimezaliwa Mikindani kwenye ukoo wa Kihindi wenye duka la vitambaa. Kazi yangu ni kutengeneza tovuti. Majina yote humu nimebadilisha, ila kosa nimeliacha lilivyo.

Kazi hii nilifundishwa na mtu nitakayemwita kaka Issa. Ana stesheneri Magomeni ya hapa Mtwara mjini, na nilipomaliza chuo bila ajira alinipa kiti na kompyuta, akanifundisha bila kudai kitu. Yeye ndiye aliyeanzisha tovuti ya chama cha kuzikana cha watu wa vijiji vya kando ya mto Ruvuma, upande wa Kitaya. Mtu akifariki, taarifa inawekwa pale, na ndugu walioko Dar au ng'ambo ya mto, Msumbiji, wanaandika rambirambi chini yake. Ilikuwa tovuti ya zamani, nzito, kwenye simu inakwamakwama. Uongozi ukaamua ihamishiwe kwenye mfumo mpya, kazi wakanipa mimi. Kaka Issa hakununa. Alinikabidhi kila kitu, akaniambia jambo moja tu: nikitaka kufuta chochote, nimuulize kwanza.

Sikumuuliza. Nilijiona nimeshakuwa fundi, wa kuuliza nini tena. Taarifa zilihama salama, lakini maoni ya watu yalikuja yamevurugika, yamechanganyika na ya matapeli wa mikopo na waganga wa kurudisha wapenzi. Nikaanza kusafisha. Ndipo nikakutana na mtu anayejiita Babu Songea. Kwenye msiba wa seremala mmoja alikuwa ameandika: "Kitanda alichonitengenezea kilivunjika usiku wa kwanza. Jeneza lake mmempa fundi mwingine? Mmefanya la maana." Kwenye msiba wa bibi mmoja aliandika kwamba mchoyo kaondoka, sasa muhogo wake utaliwa kwa amani.

Nilikasirika kweli. Kwetu msibani watu wanasoma dua na kunong'ona, hata chai inanywewa kwa adabu. Utani wa makabila naujua, nani asiyeujua, lakini mimi niliujua ule wa sokoni na wa kwenye mpira. Nikatafuta jina lake, nikachagua maoni yake yote ya miaka yote, nikayafuta kwa mpigo. Nikaona nimewalindia watu heshima yao. Tovuti ya zamani ikafungwa.

Miezi michache baadaye Babu Songea akafariki. Binti yake, nimwite Bi Zainabu, akaja kwenye kikao cha chama, mimi na kaka Issa tukiwepo. Hapo ndipo nilipojua kwamba yule mzee alikuwa Mngoni aliyeoa Kitaya, mtani wa kijiji kizima. Enzi za nguvu zake alikuwa anaingia kaburini na kulala humo, hatoki mpaka apewe kuku, wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Miguu ilipomgomea, akawa anaandika utani wake kwenye tovuti. Bi Zainabu alitaka maneno yale yasomwe siku ya arobaini, maana sauti ya baba yake hakuna aliyeirekodi. Mjane wa yule seremala naye alisimama, akasema siku alizofiwa hakuweza kula mpaka aliposomewa yale ya kitanda.

Mwenyekiti akanigeukia, akauliza maneno hayo yako wapi.

"Hayakuja," nikasema. "Kule kwenye mfumo wa zamani hayakuhifadhiwa vizuri."

Sikutaja jina la mtu, na wala sikuhitaji. Kikao kizima kilimtazama kaka Issa. Yeye akanitazama mimi, nikajua sasa ananiumbua. Kumbe alikuwa ananiamini.

"Kama yeye kasema hayakuhifadhiwa, basi ni uzembe wangu," alisema. "Dada Zainabu, naomba unisamehe."

Bi Zainabu alijifunika uso kwa mtandio, akatoka nje.

Tangu siku ile wapo watu wa chama walioacha kumpelekea kazi. Kila nikipita dukani kwake namkuta amefungua kompyuta chakavu, anatafuta nakala. Juzi aliniagizia chai, akaniambia, "Labda kuna mahali nilikosea, mdogo wangu. Hebu niangalizie na wewe." Nikavuta kiti. Jamani, nilikaa pale nikajifanya naangalia.

Nakala ninayo mimi. Niliitoa kabla sijaanza kuhamisha, kama alivyonifundisha mwenyewe. Ipo kwenye flashi, na maneno ya Babu Songea yamo yote. Nimeyasoma upya, na safari hii nilicheka peke yangu chumbani mpaka nikalia. Najichukia. Nikiyatoa, wataniuliza yalikuwa wapi siku zote hizi. Dada yangu ananiambia niseme nimeyapata kwa bahati, yaishe. Lakini hapo kaka Issa atabaki kuwa mzembe na mimi nitashukuriwa. Nikisema ukweli, sidhani kama kuna mtu mjini hapa atakayeniamini na tovuti yake. Na baba yangu je? Wateja wake wengi ni hao hao wa Kitaya, kwake ndiko wanakonunua hata sanda.

Arobaini ni kesho kutwa. Leo asubuhi kaka Issa amenitumia tangazo la kuwaomba radhi familia ya marehemu na wanachama wote, ameweka na jina lake kamili. Anaomba nilipandishe ukurasa wa mbele kabla ya jioni, kwa sababu yeye hana tena ruhusa ya kuingia. Mwishoni ameniandikia nisimwonee haya, niliweke kama lilivyo.

Nimekaa nalo mpaka sasa. Najua humu mpo wengi, na wa Mtwara mmo, huenda wengine mmeshanijua. Nitukaneni mkitaka, ila mniambie: nianzie kwa kaka Issa au kwa Bi Zainabu, na nikishafika mlangoni, neno la kwanza niseme nini?