Kanyanga katika Tangi la Pikipiki

Mnaonisoma huko Fizi, nivumilieni. Niliishia darasa la sita, mkono wangu ni mzito, na leo una hasira, kwa hiyo herufi zitapandana. Nataka mjue kwa nini Maman hakumuaga dada Neema.

Neema alikuwa akiishi Kakiika, Mbarara, na mtoto wake. Walipata nafasi ya kwenda kuishi Kanada. Basi la Kampala lingewachukua saa sita mchana, na hakuna aliyejua kama tungeonana tena.

Asubuhi, Misiera, tunakoishi. Kaka yangu Asukulu, mwenye pikipiki, alinunua petroli kwa Mama Furaha, anayeiuza kwenye chupa mbele ya duka lake. Tunasali naye kanisa moja. Muda si mrefu kabla ya hapo alisimama mbele ya waumini akatubu kupika kanyanga, ile pombe kali ya mihogo, akaahidi kuimwaga yote. Tulimpigia makofi. Mimi pia nilipiga.

"Mumusalimie Neema mingi!" alituambia. "Kule kwa Bazungu asisahau kusali."

Maman alikaa katikati, mimi nyuma na kikapu cha karanga.

Baada ya Kabingo. Hadi hapo tulikwenda vizuri. Tukiwa mlimani petroli ya juu ikaisha, Asukulu akageuza koki ya tangi upande wa akiba, ile inayokaa chini kabisa. Injini ikakohoa, ikazima. Alipiga kiki mpaka akalowa jasho. Magari yaliyopita yalikuwa yamejaa. Tukasukuma hadi kwa fundi wa kando ya barabara, Mnyankore, mwenyeji wa huku. Alifungua kabureta, akamimina kilichokuwemo kiganjani, akanusa, akacheka.

"Ssebo, hii piki ni mulevi! Hii ni waragi."

"Usinichezee," alisema Asukulu. "Nilinunua esanse, petroli kabisa."

"Onja basi."

Fundi alitia maji kidogo kwenye chupa, akaweka alama, akaongeza petroli kutoka tangini, akatikisa. Maji yalipotulia chini yalikuwa yamepanda juu ya alama.

"Pombe imeingia kwa maji," alisema. "Ile ya maji inashuka chini ya tangi, ndiyo mulikuta kwa akiba." Kisha akatuonyesha kutu ndani ya kabureta na raba iliyovimba. "Hii si ya leo tu. Munainywesha siku mingi."

Maman hakucheka. Kila mara aliuliza, "Mwanangu, itapona saa ngapi?" Kusafisha kulichukua muda mrefu.

Mbarara. Tulipofika kituoni basi lilikuwa limetoka. Neema akapiga simu. "Maman, tuko tunapita Biharwe. Niko naona ng'ombe za pembe ndefu." Akaanza kulia, simu ikakatika. Maman aliendelea kuishikilia sikioni.

Kurudi Misiera. Mimi ambaye hata salamu naitikia nikitazama chini, nilikwenda dukani nikauliza mbele ya wateja, "Mama Furaha, kanyanga uliimwaga fasi gani?"

"Kanisa ilisema nimwage, nikamwaga."

"Mu esanse?"

"We mutoto! Ku radio balisema kule Brazili magari inakunywa pombe. Inchi kubwa vile! Sasa yangu iko na shida gani?"

Nilimweleza kama fundi alivyotueleza akisafisha: pombe ya magari huondolewa maji yote kwanza, inapimwa, na injini zimetengenezwa kuistahimili. Ya kwake ni ya kunywa, ina maji tele.

"Basi hamukufa," akasema. "Mushukuru Mungu."

Wateja wakacheka.

Nimejifunza kutikisa petroli na maji kabla ya kununua. Fanyeni hivyo nanyi. Maji yakiongezeka, ondokeni. Maman amekwisha kumsamehe Mama Furaha, Jumapili walikaa benchi moja. Mimi bado. Niandikieni, hata mistari miwili, mniambie kama ninakosea. Lakini asiniandikie mtu kwamba ilikuwa esanse tu.