Maji Mdomoni, Ndovu Langoni

Ndovu hunuka kabla hajaonekana. Watalii wanaopita kwetu Mraru hawalijui hilo, maana wao humtazama kwa mbali, vioo vya gari vimepandishwa na peremende ziko mdomoni. Sisi wa darasa la tano tulimjua kwa pua. Ni harufu ya matope yaliyokaukia juani, majani yaliyolala tumboni, na kitu kingine kama zizi la mbuzi ambalo mwenyewe amesafiri. Harufu hiyo ikipenya dirishani, kalamu zote zilitua, na mtu wa dawati la nyuma angenong'ona, "Wageni wamefika." Katika kiangazi kile walifika karibu kila alasiri. Madimbwi ya mbugani yalikuwa yamekauka, nalo tanki la shule, lililokuwa karibu na lango, lilivuja kwenye bomba la chini. Ndovu ni mnyama mwenye kumbukumbu, akionja pahali hapasahau. Wahenga walisema wapiganapo ndovu wawili ziumiazo ni nyasi. Sisi tuliumia bila hata hiyo vita. Wao walikuwa wanakunywa maji tu.

Sheria ilikuwa moja: komeo hushushwa, madirisha hufungwa, na hatoki mtu mpaka askari wa wanyamapori waje na gari lao la makelele kuwafukuza. Iwe saa tisa, iwe saa kumi na mbili, utakaa. Utakaa na njaa, utakaa na haja yako ndogo, utakaa na jasho la mwenzako. Madam Mkawasi, mwalimu wetu wa Kiingereza, hakupenda kuona muda ukimwagika hivyo, kwa hiyo kila tulipofungiwa yeye alifundisha. Msimu ule wote alifundisha neno moja: gone. Aliliandika ubaoni kwa chaki nyekundu na kutuambia kwamba neno hili halitembei peke yake kama ng'ombe aliyekata kamba, sharti litanguliwe na have au has. Kisha tukasimama mmoja mmoja kutunga. The rain has gone, mvua imeenda zake, na hiyo ilikuwa kweli tupu. The sugar has gone, hiyo nayo ilikuwa kweli ya kila nyumba. Jirani yangu wa dawati, Mghoi, alijaribu bahati yake akasema, "The teacher has gone." Madam akamjibu kwa Kiswahili, pole pole, "Mwalimu hajaenda popote, Mghoi. Yuko hapa, anakutazama."

Dawati letu lilikuwa chini ya dirisha linalotazama lango na barabara, na kwa ajili hiyo nikapewa cheo. Ndovu wa mwisho akiondoka, nisimame na kutangaza: "Madam, the elephants have gone." Sentensi hiyo isiposemwa, komeo halitoki. Basi mtu aliyekuwa wa mwisho darasani kwa Kiingereza akawa ndiye ameshika ufunguo wa kila mtu. Niliringa. Wasichana walianza kuniletea njugu.

Sasa, nyumbani mama yangu alikuwa anasafiri. Alikuwa amepata kazi ya nyumba Uarabuni, miaka miwili, na begi lake jekundu lilikuwa limesimama sebuleni kama mgeni asiyeaga. Kwetu Wadawida mtu hasafiri akiacha hasira ya mtu wa nyumbani nyuma yake. Lazima watu watase. Unachukua maji mdomoni, lakini kwanza unasema wazi kilichokukaa moyoni, kisha unayapuliza yatawanyike, na hasira iende nayo, halafu unamwombea msafiri heri. Nyanya alisema hasira isiyotemwa humfuata mtu kama vumbi linavyofuata gari, na huko ugenini ndiko humfikia. Wote walikuwa wametasa, hata mjomba ambaye hukasirikia mpaka redio. Nilibaki mimi. Tangu begi lile linunuliwe nilikuwa ninaongea na mama kwa mabega tu. Akiuliza kama nimeshiba, bega moja. Akiuliza kama nimeoga, mawili.

Asubuhi ya safari alinifunga kifungo cha shati ambacho nilijua kukifunga mwenyewe. "Mwanangu, bado wewe hujatasa," akasema.

"Nitachelewa shule, mama."

"Haya. Mtatoka saa tisa, na pikapu inanichukua saa kumi. Treni haimngojei mtu. Usicheze njiani."

"Sichezi."

Na kwa mara ya kwanza maishani nilimaanisha. Mchana kutwa nilikuwa napanga maneno yangu, nayapima yasiwe makali sana wala matamu sana. Kengele ya kwenda nyumbani ilikuwa bado kidogo tu ilie pale Mghoi aliponusa hewa, akanitazama. Sikuhitaji kuambiwa. Walikuja kwa upole wao ule wa kukasirisha, mbele jike kubwa lenye pembe moja iliyovunjika, wengine nyuma, na mtoto katikati. Wakasimama langoni kana kwamba wamelijenga wao. Komeo likashuka.

Niliinua mkono. "Madam, naomba nitoke. Mama anasafiri leo."

Darasa zima lilicheka, na sikuweza kuwalaumu. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimeomba ruhusa nikasema nyanya yangu anajifungua.

"Mapacha safari hii?" Mghoi akauliza, na madawati yakapigwa makofi.

Madam naye alitabasamu. "Ukitaka kutoka, muombe yule mama mwenye pembe moja. Mimi sina uwezo." Nikakaa. Mcheshi akisema kweli huwa kama mbuzi aliyeingia kanisani: kila mtu anamwona, hakuna anayemkaribisha. Sentensi ziliendelea. The milk has gone. The visitors have gone. Kila moja ilinipiga kifuani. Kivuli cha mlingoti wa bendera kilirefuka mpaka kikalifikia tanki, jasho likanishika mgongoni, na yule jike hakuwa na haraka. Tembo hachoki na mkonga wake, lakini mimi nilikuwa nimeuchoka.

Ndipo nikaiona pikapu. Ilitoka upande wa nyumbani, ikaja mpaka karibu na lango, ikasimama ghafla, kwa sababu ndovu wawili walikuwa katikati ya barabara wakijimwagia vumbi. Mbele, kando ya dereva, palikuwa na kitambaa cha manjano ninachokijua. Nyuma palikuwa na begi jekundu. Mama alikuwa amefungiwa kama mimi, kwa kufuli lile lile.

"Madam," nilisema, na sauti yangu ilitoka ndogo hata mimi nikashangaa. "Yule ni mama. Na mimi sijatasa."

Hakuna aliyecheka. Madam alikuja dirishani, akatazama begi, akatazama kitambaa. Naye ni wa milimani, Mdawida kama sisi, hakuhitaji kuelezwa. Alisogeza kioo pole pole kisilie, akamimina maji ya chupa yake kwenye kifuniko, akanipa. Yale maneno niliyopanga mchana kutwa yalikuwa yamekimbia yote. Nikasema kwa sauti ya chini, uso kwenye vyuma vya dirisha, "Mama, nimekasirika kwa sababu hukuniuliza. Ungeniuliza ningesema usiende. Sasa nenda vizuri." Nikachukua maji mdomoni, nikayapuliza kwa nguvu zangu zote. Nusu ilitoka nje. Nusu ililowesha daftari la Mghoi, naye, Mungu ambariki, akalipangusa kwa kiwiko.

Kule barabarani kichwa cha manjano kilitokeza dirishani. Dereva alimvuta mkono arudi ndani, mama akakataa. Aliinua chupa, akanywa, akapuliza upande wetu, na matone yakawaka juani kisha yakapotea. Katikati yetu yule jike aliinua mkonga na kujimwagia maji mgongoni. Nadhani naye alikuwa na lake moyoni.

Mara tukasikia honi ya askari. Ndovu waligeuka, mmoja, mwingine, mtoto akisukumwa kwa nyuma kama mchelewaji wa gwaride. Lango likabaki na mavi tu. Barabara ikawa nyeupe. Darasa zima lilinitazama midomo, maana cheo kilikuwa changu, nami nikagundua kwamba mimi niliyewaombea waondoke mchana wote sasa nilitaka warudi.

"Wameenda?" Madam akauliza.

"Bado, Madam."

Alikuwa amesimama nyuma yangu. Alikuwa anaona kila kitu ninachoona. "Basi tungoje," akasema.

Tukangoja. Pikapu iliguruma, ikapita palipokuwa na ndovu, ikashika njia ya Voi. Niliifuata mpaka ikawa vumbi, na vumbi nalo likatua. Ndipo nikasimama. "Madam, the elephants have gone." Bila kosa hata moja. Komeo likatolewa, wenzangu wakamwagika nje, na mimi nikakaa kidogo, kwa kuwa sikuwa tena na pa kuwahi.

Leo niko kidato cha tatu, shule ya bweni huku juu Wusi, ambako ukungu huamka kabla yetu. Kule Mraru wameweka uzio wa umeme na bomba limezibwa. Watoto hutoka kwa wakati, na pua zao hazijui kitu. Mama alirudi, akakaa msimu mmoja wa mvua, akaondoka tena. Siku hizi tunatasa kwa simu ya matroni, ambaye tangu nilipomlowesha kioo hunikabidhi ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki. Nami niko nyuma ya lango jingine. Hili lina bawabu, hana harufu ya kutuonya wala haogopi honi, na hakuna mtu wa dirishani wa kuniambia ni lini njia itakuwa wazi. Jumapili nikishamrudishia matroni simu yake, mimi huenda ukingoni mwa uwanja, nikachukua maji mdomoni, nikayapuliza kuelekea bondeni. Upepo wa huku ni mkaidi, huyarudisha yote usoni pangu. Najipangusa kwa mkono wa sweta, narudi darasani kwa prepu.