Sauti ya Cécile Katika Safu ya Chini

Raïssa alikuwa mtu wa kuota akiwa macho. Kazini kwake Kimironko, ghorofani juu ya mafundi cherehani, aliandika amri kwenye dirisha jeusi la kompyuta, akatazama imeji ya programu, yaani kifurushi chake kizima, ikijengeka safu juu ya safu: kwanza mfumo, halafu mafaili, halafu programu yenyewe. Wengine waliona maandishi tu yakipita. Yeye aliona vitenge vikipangwa kimoja juu ya kingine, kama mezani kwa mama yake sokoni.

Mama huyo, Cécile, ndiye aliyetoa sauti ya majaribio ya programu ya kutangaza mabasi kituoni Nyabugogo. Alisoma majina ya miji, Huye, Musanze, Rusizi, kwa madaha ya msoma somo kanisani. Wenye mabasi wakataka sauti ya kijana. Basi Raïssa akaongeza amri ya mwisho ya kuifuta ile ya mama, akitumaini imeji itapungua uzito. Haikupungua hata chembe. Mwenzake Ntare, aliyekulia Kampala na asiyejua kunyamaza, alimcheka wiki nzima: kufuta kwenye safu ya juu ni kufunika tu, cha chini kiko pale pale.

Masika yalipoanza, Cécile akafariki. Kompyuta ya zamani aliyomrekodia ilikuwa imekwisha kusafishwa na kupewa mtu mwingine, na kwenye simu hakukuwa na kitu, maana mama hakupenda kurekodiwa. Raïssa akaanza kuisahau sauti ile. Hilo lilimuuma kuliko kaburi lenyewe.

Alasiri moja, cherehani zikivuma chini na mvua ikipiga mabati, alisinzia mezani akaota vitenge vinakunjuliwa polepole. Alipozinduka alilikumbuka kosa lake. Imeji ile ya zamani bado ilikuwa kwenye hifadhi ya kampuni, hakuna aliyejisumbua kuiondoa. Akaishusha, akaifungua safu moja baada ya nyingine. Husemwa kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Hili yeye angelirudia kila siku. Faili la sauti lilikuwepo.

Ntare alisogeza kiti karibu, Raïssa akalicheza.

Huye. Musanze. Rusizi. Kisha mama akaacha sauti ya kanisani, akarudi kwenye ile ya nyumbani.

"Raïssa, hii mashine iko inanisikia kweli? Basi zima, tukule."

Raïssa hakuizima.