Kanzu ya Pasta Ukutani

Wapendwa, sikieni aibu yangu. Mto ulipoingia kanisani kwetu Mulongwe, madaftari ya ubatizo yakaloa. Miye, sekretere wa kanisa, nikajitolea: nitapiga picha kila ukurasa, kisha niweke programu ya kutunza faili kwenye seva ileile ya kukodi inayobeba site yetu ya intaneti, mbali na maji.

Niliona ni kazi ndogo. Kumbe niliiweka juu ya site yenyewe, ikaifunika. Neno la siri nikaliacha kwanza, ili nijaribu haraka, na simu yangu nikaiamuru itume huko kila picha iliyomo.

Jumapili, mbele ya wageni kutoka Lemera, Papa Pasta akafungua site kwa projekta, ionekane ukutani. Ukurasa wetu haukuwapo. Nilikuwapo miye pichani, nimevaa kanzu yake, mkono juu, nabariki viti vitupu.



“Mwanangu,” Papa Pasta akaniuliza polepole, “iko picha ngapi za namna hii?”

Kabla sijajibu, simu ikatetemeka mfukoni, ingali inatuma, na ukutani ikatokea picha ya pili. Hapo nilikuwa nimekaa kwenye kiti chake, miguu mezani, nimevaa hata miwani yake.