Gia Nne za Kurudi Nyuma

Jumamosi, tarehe 9 Agosti. Mawingu tangu alfajiri, upepo kidogo, baridi ya kuvaa sweta. Mvua ilitishia tu, haikunyesha.

Siku hiyo ndiyo gari la mama mkwe wa Fundi Samahani lilipangiwa kurudi barabarani, na sisi majirani tulijua wazi kwamba likishindwa, mama huyo atahamishwa.

Jina la Samahani fundi alipewa na wenzake wa gereji, naye hakulikataa kwa sababu hakatai kitu. Ni mwanamume mrefu, mwembamba, wa miaka hamsini hivi, mwenye kucha ambazo sabuni zote zimezinyooshea mikono. Hupiga hodi kwenye boneti kabla ya kuifungua. Nati ikigoma kulegea huiomba radhi kwanza, ndipo huigonga nyundo. Wateja wapya hudhani anawafanyia mzaha. Wa zamani hungoja tu amalize. Mkewe alitusimulia kwamba aliwahi kujikwaa kwenye stuli sebuleni, akainama kuiuliza kama imeumia.

Mtu wa namna hiyo akiwekwa mbele ya mama mkwe ni taabu tupu. Hakai mpaka akaribishwe mara ya tatu, na akikaa hushika ukingo wa kiti kama anayesubiri kuitwa na daktari. Mama mwenyewe wala hana makuu. Ni mtaalamu wa mifugo, mfupi, mwenye sauti ya kumwita ng'ombe aliye ng'ambo ya mto. Amestaafu kwenye makaratasi tu. Kila wiki huingia kwenye gari lake kuukuu, lile la kupanda milima na kuvuka matope, lenye sehemu ya mizigo iliyo wazi nyuma, akaenda kuchanja ndama na kuzalisha ng'ombe walioshindwa.

Mwaka huu gari lilianza kulalamika nyuma. Mwanzoni liliguna tu. Kisha likawa likishika mwendo linalia kama ndama aliyeachwa zizini, na wafugaji wakaacha kupigiwa simu, kwa kuwa walimsikia akija. Tatizo lilikuwa difu, lile bumunda la chuma lililo katikati ya ekseli ya nyuma, linalopokea nguvu ya injini na kuigawia magurudumu mawili. Lilikuwa limelika.

Kijana mkubwa wa mama anafanya kazi ya bima mjini, na mtu wa bima huona ajali hata kwenye ngazi mbili za baraza. Siku moja alimpigia mama simu, akausikia ule mlio kwa nyuma, akauliza kama yuko hospitali. Alipoambiwa ni gari, aliamua: gari liuzwe chuma chakavu, mama ahamie kwake apumzike. Chumba kilikuwa tayari.

Mama alimweleza mke wangu uani: “Chumba kizuri, kina hadi pazia la maua. Lakini nitamchanja nani huko?”

Walivutana kwenye simu mpaka wakafikia makubaliano. Kijana atakuja Jumamosi alisikie gari kwa masikio yake. Likienda mpaka kituo cha mafuta na kurudi nyumbani bila kulia, hatalizungumzia tena. Likilia, mama anafunga mizigo. Ndipo mama alipomkabidhi mkwewe kazi, na Samahani akakosa usingizi kwa heshima aliyopewa.

Alhamisi, mama akiwa kwenye ndama zake kwa pikipiki ya kukodi, Samahani alilifungua gari. Alilala chali, kichwa kikielekea injini na miguu ikichomoza nyuma ya gari, akafungua propela, ule mtaimbo unaoleta nguvu kutoka mbele, akachomoa shafti za magurudumu, akalishusha difu kifuani taratibu kama mtoto aliyelala. Oili iliyotoka ilimetameta kwa chenga za chuma. Beringi zilikuwa zinacheza ngoma yake kila moja, na meno ya gia yalikuwa yamechongoka kama ya mbwa mzee. Alilipeleka gereji, akaweka beringi mpya na gia nzima kutoka gari jingine la aina hiyo, akayapaka meno rangi ya buluu ili aone yanaumana wapi, akafungua, akafunga, akafungua tena, mpaka yakaumana alivyotaka. Kwa ajili ya kulirudisha alikariri jambo moja tu: krauni, yaani ile gia kubwa ya duara, ikae upande wa mkono wake wa kushoto.

Jumamosi asubuhi alipofika kulifunga, mama alikuwa ameshatoa kiti chake na kukiweka nyuma ya gari, palipokuwa na nafasi, akichambua sindano na chupa za dawa. Samahani aliona msiba. Akilala kama alivyolala Alhamisi, nyayo zake zitamtazama mama mkwe usoni, na soksi ya kulia ilikuwa na tundu. Mtu mwingine angemwomba mama asogee kidogo. Yeye alizunguka, akatandika gunia upande wa mbele, akaingia kutokea kwenye injini, kichwa kikimwelekea mama kwa adabu zote. Alifanya kazi nzima hivyo, akijibu maswali kuhusu afya ya watoto akiwa chini ya tangi la mafuta.

Krauni aliiweka kushoto kwake, kama alivyokariri. Ila mtu aliyelala chali akibadilisha kichwa na miguu, kushoto kwake nako huhama. Na difu lile ni la duara, matundu yake ya bolti yamepangwa sawasawa, hupokea kukazwa juu chini au chini juu bila kinyongo. Alipomaliza alizungusha magurudumu kwa mkono, yakazunguka laini, kimya. Injini hakuweza kuiwasha, kwa kuwa betri ilikuwa bado dukani inachajiwa.

Betri na kijana wa bima vilifika karibu pamoja. Kijana alishuka na mabegi mawili makubwa, matupu, akayaweka barazani. Mama aliyatazama, akaendelea kukaza vifuniko vya chupa.

Samahani aliweka betri, akaomba ruhusa, akapanda, akawasha. Injini ikaitika vizuri. Aliingiza gia ya kwanza, akaachia klachi, na gari likaenda nyuma.

Mama alikuwa ameshasimama. Kiti chake hakikuwa kimesimama. Gari lilikipanda polepole, likakikalia, na Samahani akachungulia dirishani kukiomba msamaha. Alidhani amekosea gia. Aliingiza ya pili kwa uangalifu mkubwa zaidi, na gari likaenda nyuma haraka zaidi, mpaka kwenye ua wetu wa michongoma. Ya tatu hakuijaribu. Aliingiza ile ya kurudi nyuma, na gari likatoka michongomani likitazama mbele, kwa unyenyekevu kabisa.

Alizima, akashuka, akalala kifudifudi na kuchungulia chini. Aliposimama alizungumza na viatu vya mama.

“Mama, difu nimelikaza chini juu, magurudumu yanazunguka kinyume. Sasa gari lina gia nne za kurudi nyuma na moja ya kwenda mbele. Naomba mpaka kesho.”

Kijana wa bima hakucheka, na kwa hilo nampa heko. Alimwambia shemeji yake asijali, mtu yeyote hukosea, kisha akamgeukia mama yake na kusema kwa upole kwamba basi ndiyo imetosha, waingie ndani wachague nguo. Samahani alikuwa anasokota kitambaa cha oili kana kwamba kitatoa maji.

Mama alimuuliza swali moja tu.

“Baba, linalia?”

“Halilii, mama.”

“Nipe funguo.”

Kijana alianza kupinga. Mama alimkumbusha makubaliano: kituo cha mafuta, kwenda na kurudi, bila kulia. Aliuliza kama kulikuwa na neno lolote kuhusu gia. Kijana wa bima, ambaye kazi yake yote ni kusoma masharti, alifikiri kisha akakiri kwamba halikuwepo.

Basi waliondoka. Mama aliketi kwenye usukani, Samahani pembeni yake akiwa amejibana mlangoni, na kijana akatembea ubavuni ametega sikio kwenye gurudumu la nyuma. Kwa ile gia moja ya mbele gari lilikwenda mwendo wa mtu anayesindikiza wageni. Taa nyeupe ya nyuma iliwaka njia nzima, na kila mwenye pikipiki aliyekuwa nyuma yake alisimama kungoja lirudi nyuma, likazidi kwenda mbele. Foleni ikawa ndefu. Muuza mafuta aliliona kwa mbali, akaanza kuwapungia mkono wapishe. Hakuna mlio uliosikika, isipokuwa wa honi.

Pale kituoni mama hakugeuza gari. Alimwambia mwanawe apande nyuma, ambako sasa ndiko mbele, akageuza shingo kuangalia nyuma, akaingiza ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Mimi nilikuwa langoni. Gari lilitokea kwenye kona likitanguliza matako, kwa kasi ambayo halijawahi kuwa nayo tangu nilijue, na kijana wa bima amesimama nyuma ameshika chuma kwa mikono miwili, tai begani, kama nahodha aliyepewa chombo asichokijua. Pembeni ya mama, Samahani alikuwa amefumba macho. Gari liliingia langoni bila kugusa nguzo, likasimama. Kimya. Kweli halikulia hata kidogo.

Kijana alishuka, akajishika magoti, akanyoosha tai.

“Halikulia,” alisema. Kisha, kwa sauti ya chini: “Mama, mimi naogopa tu. Siku moja utakwama huko peke yako.”

“Nikikwama mbele nitarudi nyuma. Umeona mwenyewe.”

Alimshika bega, akamwambia atakuja kukitembelea kile chumba, siku mbili, siyo zaidi, na hilo pazia asilibadilishe. Kijana alinyanyua mabegi yake matupu na kuyarudisha kwenye gari lake. Alikubali kulala hapo mpaka Jumapili.

Asubuhi iliyofuata Samahani alifika kabla ya chai. Alimwaga oili, akalishusha difu tena, shemeji yake akimshikia tochi na kuuliza kila bolti ina kazi gani. Alipolifuta safi alichukua brashi na rangi nyeupe, akaandika JUU upande wa juu. Akalitazama. Akaligeuza, akaandika CHINI upande wa chini. Akalitazama tena, akaongeza mshale, akakaa kando ya gurudumu kungoja rangi ikauke.